Msomaji wa Umande

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, matatu za Kondele zikiwa ndiyo kwanza zinapasha injini, mzee wa bustani amekwisha piga magoti kwenye nyasi za ua mmoja wa Milimani, Kisumu. Umande haujaguswa na mtu. Mbele yake, juu ya majani, umetandazwa utando mweupe mwembamba, upana wa kiganja. Anaugusa kwa ncha ya kidole.

"Buibui hutega palipo na njia ya wadudu," aliniambia. "Huyu amelalia majani yenyewe. Huyu anakula."

Ni kuvu. Ikifika saa tatu jua litakuwa limeufuta utando ule, na mwenye nyumba atakachokiona ni kidoa cha rangi ya makapi, kikubwa kama sarafu, aseme nyasi zina kiu. Dalili ya mvua ni mawingu. Ya ugonjwa wa nyasi ni umande, na umande haumngoji anayeamka saa mbili.

Wamarekani wameupa ugonjwa huo jina la sarafu yao ya dola, nao huanza kuuwinda majira yao ya joto yanapokaribia. Kuvu hiyo hustawi kwenye nyuzijoto 15 hadi 30 hivi, na hapo ndipo Kisumu inapoishi Januari hadi Desemba. Kwao ni mgeni wa msimu, kwetu ni mpangaji. Kinachoamua ni maji. Mvua ya huku hupenda kushuka alasiri na jioni, baada ya upepo wa ziwa kukutana na joto la nchi kavu, kwa hiyo nyasi hulala zimelowa, juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi usiopenda kuachia maji. Kisha Januari na Februari jua likichoma, tunazionea huruma na kuzimwagilia magharibi. Mzee hutikisa kichwa. "Wewe hulali na nguo mbichi. Nyasi je?" Yeye humwagilia alfajiri, majani yakiwa tayari yameloa na jua likiwa njiani kuja kuyakausha.

Ufundi wake hasa ni kutotibu kabla ya kusoma. Vidoa vya sarafu mara nyingi ni ugonjwa wa njaa: nyasi zimekosa naitrojeni, na mbolea kidogo huziinua. Baka la kahawia, pana kama sinia, huweza kuwa ugonjwa wa shibe: mbolea imezidi, majani yamelainika, kuvu imepata mteremko. Anayekimbilia duka la agroveti na kusema tu "nyasi zimekauka" anaweza kurudi na mfuko wa mbolea utakaoponya ugonjwa wa kwanza na kunenepesha wa pili. Ndiyo maana mzee huanza kwa kushika nyasi na kuvuta. Zikinyanyuka kama mkeka, mabuu yamekula mizizi, na dawa ya kuvu itakuwa hela ya kutupa. Zikigoma, huchuma jani moja na kulielekeza kwenye mwanga.

Siku moja alinionyesha jani la nyasi za Pemba, zile za majani mapana tunazozipanda chini ya miembe. Lilikuwa na doa la kijivu lenye ukingo wa kahawia, umbo la jicho. Alilitambua bila kusita, kwa sababu alikulia Ahero, akipalilia mpunga pamoja na mama yake, na jicho lile ndilo lililokuwa likitazama kutoka kwenye majani ya mpunga ugonjwa wa blasti ulipoingia majarubani. Wanasayansi wanakubaliana naye: kuvu za magonjwa hayo mawili ni za ukoo mmoja, Pyricularia.

"Mama hakunifundisha nyasi," alisema. "Alinifundisha njaa."

Reli ilipofika hapa Kisumu mwaka 1901, bandari ikiitwa Port Florence, ilikuja na watu waliotaka kuzungukwa na nyasi fupi kama za kwao. Wameondoka, nyasi zimebaki, na anayezitunza bado tunamwita shamba boi, hata akiwa na wajukuu. Boi huyu hunoa kisu cha mashine kwa sababu jani lililochanwa ni mlango wa ugonjwa. Hakati zaidi ya theluthi ya urefu, hakati nyasi zilizolowa, na huosha mashine kabla ya kuipeleka ua mwingine. Mara kwa mara hutoboa udongo kwa uma wa bustani ili maji yapate pa kwenda.

Asubuhi ile alinipa ncha moja ya kamba ya katani, akashika nyingine. Tukatembea sambamba, kamba ikiburuzwa juu ya nyasi, umande ukidondoka kwenye udongo na kulowesha suruali zetu hadi magotini. Nyuma yetu uwanja ulibadilika rangi hatua kwa hatua, fedha ikawa kijani. Tulipofika ukutani, mapazia ya nyumba yalikuwa bado yamefungwa.