Sifa za Anayejua Kupunguza Mwendo

Mkimbiaji aliyejiandaa vyema hahitaji ufundi mwingi. Miguu humfanyia kazi. Ufundi huonekana kwa yule aliyeingia barabarani na mazoezi nusu. Kazi ilimbana, mtoto akaugua, wiki zikapita, na sasa ni Februari, jua la Kajiado limeshinda likichoma mabati, naye ana usiku kucha wa kukimbia. Huyo hana nguvu za kufuja.

Kutoka Kware, pale Ongata Rongai, hadi mji wa Kajiado kupitia Kiserian na Isinya, ni mbali kuliko marathoni. Anayetaka kuimaliza njia hiyo wakati wa kiangazi husubiri jua lizame, ila lami haipoi mara moja. Saa mbili usiku bado unalisikia joto la mchana kwenye nyayo, kupitia soli. Fundi haanzi kwa kishindo. Kupanda kuelekea Kiserian anatembea, mikono kiunoni, na wenye mazoezi yao wanampita wakimtupia pole za kejeli. Anawaitikia vizuri tu.

Ana sababu. Mwili uliopata joto unaidai damu ileile mara mbili: iende kwenye misuli ikafanye kazi, iende kwenye ngozi ikapoe. Ukiongeza mwendo, madai yote mawili yanapanda, na tumbo ndilo linalonyimwa. Ndiyo maana wengi hutapika kabla hata miguu haijachoka, na asiyeweza kushikilia chakula tumboni usiku mzima hafiki popote.

Mfano mkubwa wa jambo hili ninaoujua haukutokea kwenye mbio ndefu kuliko zote. Ilikuwa Doha, Septemba 27, 2019. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia iliondoka dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kulikwepa jua la Qatar, lakini hewa ilikuwa nyuzi 32 hivi na unyevu ulizidi asilimia 70. Waliondoka 68, wakaacha 28 njiani, wakiwemo Waethiopia wote watatu. Mshindi alikuwa Ruth Chepngetich, aliyekuwa akifanyia mazoezi Ngong, humuhumu Kajiado. Alitumia saa 2:32:43. Januari ya mwaka uleule, huko Dubai, alikuwa amekimbia saa 2:17:08. Kwa hiyo medali ya dhahabu ilikwenda kwa mtu aliyekubali kuwa nyuma ya nafsi yake kwa dakika 15 na ushei. Mwaka 2025 Chepngetich alifungiwa miaka mitatu kwa dawa iliyokatazwa, na sasa jina lake hutajwa kwa kusita. Matokeo ya Doha hayakuguswa, nami naendelea kuyatumia kama somo la mwendo.

Joto la kwetu lina hila tofauti. Doha jasho lilibaki mwilini likichuruzika bila kupoza. Nyanda za Isinya hewa ni kavu, jasho linaruka kabla hujaliona, na mtu anaapa hajatoka jasho hata kidogo. Pitisha kidole shingoni: kuna unga mweupe wa chumvi. Hapo ndipo asiye na uzoefu anapobugia maji matupu chupa baada ya chupa, na kuipunguza chumvi ya damu kiasi cha kuhatarisha ubongo. Fundi anakunywa anapoona kiu, na mfukoni ana viazi vya kuchemsha alivyovitia chumvi. Kuna wanaobeba vifuko vya bei kali kutoka nje. Viazi vinatosha.

Saa kumi alfajiri ndiyo saa mbaya. Mwili umepoa kuliko wakati wowote wa siku, macho yanafumba yenyewe, na mazungumzo yote yameisha. Asikimbie mtu peke yake. Na si kwa ajili ya usingizi tu, kwani fisi wa Mbuga ya Nairobi wanajulikana hadi viunga vya Rongai. Wawili wanaopokezana hesabu, nguzo hii tukimbie, hadi ile tutembee, huvuka saa hiyo bila kujua imepita wapi.

Halafu jua linarudi, na wakati huo mapaja ya asiye na mazoezi yameshachanika ndani kwa ndani, hasa kwenye miteremko. Wafugaji wa Kimaasai huswaga ng'ombe asubuhi na jioni, mchana wakakaa chini ya migunga. Wakata mawe wa Kware nao huiwahi alfajiri. Hakuna anayewaita wavivu. Mkimbiaji anaweza kufanya vivyo hivyo: kitambaa chenye maji shingoni, kofia pana, robo saa kivulini, kisha kutembea tena.

Na yupo aliyefika Isinya, akaenda kukojoa nyuma ya duka, akaona mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Alijua maana yake: misuli inayeyuka na figo zimeanza kulemewa. Hakumuuliza mtu ushauri. Alisimamisha matatu, akamwambia kondakta amshushe penye hospitali, na katika wote wa usiku ule huyo ndiye ningependa anifundishe kukimbia.