Upinde wa Puli: Kwa Nini Kilengeo Huja Mwisho

Mishale mitatu yenye vigumba vya mazoezi iligonga pamoja, mahali pa kufunikwa na kiganja. Mingine mitatu, ya uti ule ule na manyoya yale yale, ikatua chini na kulia kidogo, karibu sentimita 15 kutoka kwa wenzake. Mita zilikuwa 30, upinde ule ule, mkono ule ule. Kilichobadilika ni kigumba tu: hii ya pili ilifungwa vya kuwindia, vyenye makali matatu.

Mpwa wangu alizaliwa hapa Butali, ng'ambo ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na sasa anaishi Minnesota, ambako msimu wa kuwinda paa kwa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba. Alinitumia picha ya shabaha pamoja na hukumu yake.

"Mjomba, hivi vigumba ni vibovu. Nimetupa pesa."

"Vimefanya kazi yake, kijana wangu," nikamjibu. "Vimekuambia upinde haujakaa sawa."

Hakufurahi. Dukani waliufunga upinde huo kwa chini ya saa moja, wakamwekea kilengeo chenye vitone vitano vya rangi, naye akatoka hapo akilenga vizuri. Kwake upinde unaogonga unapolenga umekwisha rekebishwa. Safu hii inabishana na wazo hilo. Kilengeo ni kifaa cha kumwambia mpigaji mshale utatua wapi. Hakijui lolote kuhusu namna mshale unavyotoka. Mshale unaoruka upande upande ukiruka hivyo hivyo kila mara, kilengeo kitasogezwa hadi kiufuate, na kosa litakaa humo limejificha mpaka siku ya kigumba chenye makali.

Sababu ni hewa. Kigumba cha mazoezi ni chembamba kama uti wenyewe, kwa hiyo mshale ukitoka umeinama kidogo, manyoya ya nyuma huunyoosha kabla haujafika mbali. Kigumba cha kuwindia kina mabapa mapana, na mabapa hayo yako mbele. Mshale ukitoka umeinama, hewa huyashika na kuuvuta kuelekea kule ncha ilikoelekea. Manyoya yanavuta huku, mabapa yanavuta kule. Ncha ikitoka imeangalia chini, kigumba kitatua chini. Basi picha ya mpwa ilikuwa imeshasema nusu ya ugonjwa: tako la mshale lilikuwa likitoka juu kuliko ncha.

Kabla ya tiba, tuuangalie upinde wenyewe. Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya upinde wa puli mwaka 1966, akapewa 1969. Alitia magurudumu, ndizo puli, kwenye ncha za mikono ya upinde, na ekseli haikupita katikati ya gurudumu. Kwa sababu hiyo uzito hupanda upesi unapovuta, hukaa juu kwa muda, kisha huanguka mwishoni. Katika pinde za sasa, asilimia 65 hadi 85 ya uzito hupotea mkono ukifika mwisho. Upinde wa mpwa una pauni 60, yaani kama kilo 27, lakini akishauvuta wote anashikilia pauni 12 tu. Anaweza kumngoja paa ageuke.

Wawaata wa nyika ya Tsavo na Galana, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Waliangulu, hawakuwa na nafuu hiyo. Pinde zao za kuwindia ndovu zilizidi pauni 100, na uzito wa upinde wa mti mmoja hauanguki mwishoni, unazidi kupanda. Hakuna kushikilia hapo: unavuta na kuachia kwa mwendo mmoja. Walisaidiwa na sumu ya mti wa Acokanthera iliyopakwa kwenye kigumba, ambayo husimamisha moyo. Waliwindwa wenyewe katika operesheni dhidi ya ujangili ya 1956 na 1957 iliyoongozwa na walinzi wa wanyamapori akina David Sheldrick na Bill Woodley, kisha mwaka 1960 serikali ikaanzisha mpango wa Galana ili baadhi yao wawinde kihalali. Nawataja kwa sababu moja ya kiufundi. Upinde wao haukuwa na kilengeo. Aliyeona mshale wake unatoka vibaya hakuwa na kitone cha kusogeza. Ilibidi arudi kwenye mshale.

Nikamtaka mpwa naye arudi kwenye mshale. Kwanza ang'oe kilengeo akiweke kando. Alinuna.

Urefu wa mvuto ulikuwa sawa. Kanuni ya haraka ni kupima mikono iliyonyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha kugawanya inchi hizo kwa 2.5. Yeye ana inchi 70, jibu ni 28, na upinde ulikuwa umewekwa 28. Mshale ukikaa kwenye egemeo, kijimkono kinachoubeba kabla ya kuachiwa, ulipita katikati ya tundu la skrubu inayoshika egemeo lenyewe, kama inavyotakiwa. Hapo duka halikukosea.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye puli. Upinde wake una mbili, ya juu na ya chini, na kila moja ina kizuizi kinachogonga kebo mvuto ukifika mwisho. Vizuizi viwili vinatakiwa kugonga kwa pamoja. Kujua hili peke yako ni kazi, maana macho ya mvutaji yako mbele. Alimwomba mkewe amrekodi kutoka ubavuni kwa mwendo wa polepole, mshale ukiwa umepachikwa na shabaha iko hatua chache mbele yake. Katika video ile kizuizi cha juu kinagonga, puli ya chini bado inasonga kwa upana wa ukucha hivi. Maana yake ugwe hausafiri kwa mstari mnyoofu: mwishoni unapandisha au kushusha tako la mshale, kulingana na puli iliyochelewa. Dawa ni kusokota kebo ya upande mmoja nusu mzunguko, kuvuta tena, kutazama tena. Lakini kebo haisokotwi upinde ukiwa umekaza. Kuna mashine ya kuibana mikono ya upinde hadi kebo zilegee, na asiye nayo aende kwa mwenye nayo. Alienda.

Baada ya hapo ndipo karatasi. Unatandaza karatasi kwenye fremu, unasimama kama mita mbili, unapiga mshale upenye. Tundu safi lina duara la uti na mikwaruzo mitatu ya manyoya kulizunguka. Tundu la mpwa lilikuwa na mpasuko ulioanza kwa ncha, ukapanda juu kama sentimita mbili na kwenda kushoto kidogo. Tako juu: ama teremsha mahali ugwe unaposhika mshale, ama inua egemeo. Alichagua egemeo, kwa kuwa lina skrubu ndogo yenye alama, akaliinua kwa hatua zisizofika milimita moja. Mpasuko wa juu ukafupika, ukaisha.

Ule wa kushoto ukabaki.

Wengi hapo huanza kusukuma egemeo kushoto na kulia usiku kucha. Fundi wa baiskeli pale stendi ya Butali, akiona rimu inayumba, huizungusha kwanza na kuushika kila waya kwa vidole kabla ya kugusa spana, kwa sababu waya uliolegea na rimu iliyopinda huyumba karibu sawa. Mpasuko wa pembeni una wazazi wengi kuliko hata rimu. Kiganja kinaweza kuwa kinakunja mpini wakati wa kuachia. Puli inaweza kuwa imelala upande. Uti unaweza kuwa laini au mgumu kuliko upinde unavyotaka. Au nyoya linagusa kitu linapopita.

Nilimwambia aanze na rahisi. Akachukua rangi ya mdomo ya mkewe, akapaka kingo za manyoya yote matatu, akapiga mshale mmoja. Kwenye mkono wa egemeo, upande wa ndani, kukawa na mstari mwekundu mwembamba. Nyoya la chini lilikuwa linakwaruza likipita. Akazungusha tako la mshale kwenye uti kiasi cha theluthi ya pengo kati ya nyoya na nyoya, akapaka tena, akapiga tena. Egemeo likabaki jeusi, na mpasuko wa kushoto ukapungua hadi kufanana na unene wa kalamu. Kilichobaki kilitoka kwenye kiganja. Alikuwa anaufumbata mpini kama jembe, vidole vyote vimekaza. Alipouacha ukae kwenye nyama ya chini ya dole gumba na kuvilegeza vidole, karatasi ikatoa tundu safi.

Ugumu wa uti ulikuwa mwafaka, na hili lastahili maelezo kwa sababu namba zake hudanganya wanunuzi. Uti hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha gramu 880 huning'inizwa katikati. Ukibonyea inchi 0.400, yaani milimita kumi na kidogo, unaitwa 400. Namba ikipungua, uti ni mgumu zaidi. Lakini ugumu wa mezani si ugumu wa angani: kigumba kizito huufanya uti utende kama laini, kuukata mfupi huufanya utende kama mgumu, na kila pauni unayoongeza kwenye upinde huulainisha tena. Uti wa 400, kigumba cha greni 100, pauni 60, mvuto wa inchi 28: hivi vinaelewana.

Kisha vigumba vya makali vikarudi. Katika mita 30 tofauti ilikuwa imeshuka hadi upana wa vidole viwili, bado chini. Kanuni hapa ni nyepesi na watu huigeuza: sogeza egemeo kuelekea kule unakotaka vigumba vya makali viende. Viko chini, inua. Viko kulia, sogeza kushoto. Kidogo sana, kisha piga vyote viwili. Usiguse kilengeo. Vilipoanza kutua pamoja na vya mazoezi, ndipo nikamruhusu akae na vitone vyake vya rangi, na kazi hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Hapa nyumbani upinde huo ungebaki wa kulenga majani makavu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikufungua mlango huo, kwa hiyo anayetembea na kigumba cha makali kandokando ya msitu wa Malava atakuwa na mengi ya kueleza. Ulengaji wa michezo ni jambo jingine. Shehzana Anwar alibeba bendera ya Kenya Rio mwaka 2016 kama mlengaji, ingawa kwa upinde usio na puli, na Los Angeles 2028 itakuwa Olimpiki ya kwanza kuupokea upinde wa puli, katika shindano la timu ya mwanamume na mwanamke. Kijana wa hapa kwetu Kabras anayetaka kuanza ana njia, na kwake vigumba vya mazoezi vinatosha.

Mpwa sasa anataka pauni 65. Nimemwambia mambo mawili. Akaze boliti za mikono yote miwili sawasawa, robo mzunguko huku na robo huku, la sivyo puli zitaachana tena. Na akifika huko, uti wake wa 400 utakuwa umeanza kuwa laini, kwa hiyo ama aukate mfupi kidogo, ikiwa una nafasi mbele ya egemeo, ama anunue wa 340. Kwa vyovyote arudi kwenye karatasi, kilengeo kikiwa kimefunguliwa na kuwekwa mezani. Amejibu kwa emoji ya kukunja uso.