Je, sinema ni mambo ya vijana tu?

Wengi wanaoandika juu ya sinema wanatuambia kwamba ni mambo ya vijana, na mtu akiingia uzee anaiacha kama alivyoacha michezo ya utoto. Neno hilo limerudiwa mno, hata hakuna anayelipima. Basi tulipime, tuanze na Ufaransa, kwani huko tiketi zinahesabiwa vizuri.

Mwaka 1957 Ufaransa iliuza tiketi zaidi ya milioni 400. Baba, mama na watoto, wote waliingia. Mwaka 1992 zilibaki milioni 116 tu. Ni nani waliopotea? Kwanza wenye nyumba na watoto, sababu televizio iliwafuata nyumbani. Walibaki hasa vijana, ambao daima wanatafuta kutoka machoni pa wazazi (mapadri tunajua hayo bila kuhesabu tiketi). Hapo watu wakasema sinema ni ya vijana, kumbe mapenzi ya vijana hayakuongezeka. Wakubwa ndio waliopungua.

Tena tuangalie yaliyofuata. Kabla ya Covid kufunga vyumba vya sinema mwaka 2020, watu wa miaka 50 na zaidi walikuwa wakinunua zaidi ya theluthi ya tiketi zote. Je, wazee walibadili moyo? Hapana, wazee wenyewe si wale wa kwanza. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1968 alizoea sinema katika ujana, akazeeka nayo. Nyuma ya kazi akapata pensheni na saa za mchana. Wenye kuchanganya umri na kizazi wanaharibu hesabu nzima.

Na kwetu Kongo? Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walioitwa Bills walipenda sana filamu za kauboi, wakavaa kama wao, wakajitungia na lugha yao, Hindubill. Kwa fikra ya kizazi, wangejaza sinema za Kinshasa katika uzee wao. Hawakujaza. Hapa fikra hiyo nayo inapata mpaka wake, kwani desturi inataka mahali: vyumba vingi vya sinema vya mitaani vilifungwa, vingine vikageuzwa nyumba za sala. Wajukuu wao wanatazama filamu katika simu. Anayesema kwamba hawa hawapendi sinema, atuonyeshe kwanza chumba walichokataa kuingia.