Uso Unaomtazama Kila Mtu

Mwaka 1453 Kardinali Nicolaus wa Cusa aliwaandikia watawa Wabenedikto wa Tegernsee, katika Bavaria, kitabu kidogo juu ya kumwona Mungu. Pamoja nacho aliwapelekea picha ya uso, ambayo macho yake humkazia kila anayeiangalia. Picha za namna hii si za ajabu; hata za kalenda nyingine hufanya hivyo. Kardinali mwenyewe anataja moja ya Rogier huko Bruxelles, ambayo iliteketea mwaka 1695 Wafaransa walipoupiga mji ule kwa mizinga.

Wasomaji waangalie vema jinsi anavyofundisha. Picha itundikwe ukutani, ndugu wasimame mbele yake huku na huku. Kila mmoja ataona kwamba ni yeye anayetazamwa. Kisha mmoja atoke mashariki kwenda magharibi: macho yanamfuata. Mwenzake atoke magharibi kwenda mashariki, saa ile ile: yanamfuata yeye naye. Macho yasiyotikisika yawezaje kwenda pande mbili? Yule wa kwanza hawezi kulijua jambo hili kwa kutazama peke yake. Lazima amwulize mwenzake, na kusadiki neno lake.

Hapa ndipo tunapomsifu sana. Wako wasemao: kila mtu ana macho yake, basi kila mtu ana kweli yake. Wakikisoma kitabu hiki mbiombio watamdhani Kardinali ni mwenzao, kwani aandika kwamba simba angempa Mungu uso wa simba, ng'ombe uso wa ng'ombe, tai uso wa tai. Sivyo. Uso ulio ukutani ni mmoja tu, wala haukugeuka; aliyehama ni mtazamaji. Naye abakiye mahali pake bila kuuliza ana upungufu, hata kama aliyoyaona ni kweli.

Lakini mfano huu una udhaifu. Picha huwatazama wote kwa sababu haimwoni ye yote: ni rangi tu. Mwenye shaka angeweza kuushika mfano mzima na kuupindua kwa neno hilo. Kardinali ajibu kwamba linaloonekana tu katika picha, kwa Mungu ni kweli kabisa. Jibu hilo lamtosha asadikiye tayari. Mwingine, twaona, ataondoka na swali lake. Walakini, kitabu hakikuandikwa kwa ajili yake. Kiliandikwa kwa watawa waliokuwa wakisali pamoja kila siku katika kanisa moja.