Mapenzi Yaliyokatazwa na Lugha Zisizosikika: Sinema ya Historia na Nchi ya Mbulu na Hanang

Katika sinema za historia, yaani picha zitungwazo juu ya nyakati zilizopita, hapana kisa kipendwacho zaidi kuliko kile cha wapendanao wawili ambao kabila, dini au daraja imewakataza kuoana. Watengenezaji wa picha hizo hujitahidi sana katika mavazi, magari na nyumba za zamani, ili mtazamaji asadiki kwamba yu katika mwaka fulani. Jambo moja aghalabu husahauliwa, nalo ni lugha. Wapendanao wa Shakespeare walitengwa na uadui wa jamaa zao, lakini walisemezana kwa lugha moja tangu siku ya kwanza, na sinema imerithi mazoea hayo hata mahali ambapo hayafai.

Kwa Afrika Mashariki mfano mwema wa kupimia jambo hili ni Vuta N'kuvute, picha ya Amil Shivji iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, kisha ikapelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar. Asili yake ni riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999. Mahali ni Unguja ya miaka ya 1950, katika siku za mwisho za utawala wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa mume mzee, anatoroka, anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, na anampenda Denge, kijana Mwafrika mpinga ukoloni. Kwa kumpenda Denge anavunja mipaka mitatu kwa pamoja: wa jamii yake, wa daraja lake, na wa serikali inayomwinda mwanamume huyo.

Picha hii yastahili sifa. Imebana riwaya ndefu ndani ya saa moja na nusu hivi, na ilipoacha maneno imeweka nyuso, vichochoro na taarabu. Lakini wema wake mmoja haujatajwa vya kutosha, nao ni kwamba Kiswahili chake si pazia la kufunika lugha nyingine. Katika Unguja ya wakati ule Kiswahili ndicho kilichokuwa uwanja ambapo Mhindi, Mwarabu na Mwafrika walikutana sokoni, mtaani na ngomani. Yasmin na Denge wakisemezana kwa Kiswahili, hawasemi lugha waliyokopeshwa na mtengenezaji wa picha, bali wasema lugha ambayo watu kama wao wangalitumia kweli. Umbo la picha na historia ya mahali vimepatana.

Hatari ni kuufanya mfano huu kuwa kanuni ya nchi nzima. Mtu akitaka kutunga kisa cha namna hiyo katika wilaya za Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002, atakuta hali iliyo kinyume kabisa. Hapo wamo Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatooga, pamoja na Wabarabaig walio tawi lao, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Wamo wasemao lugha za Kibantu. Na katika bonde la Yaeda wamo Wahadza, ambao lugha yao wataalamu wengi wa leo hawaihesabu katika jamii yoyote ya lugha. Ni nchi chache duniani ambapo lugha zilizo mbali hivyo kwa asili zimeishi jirani hivyo. Katika miaka ya 1950 Kiswahili kilikuwa huko lugha ya boma, ya shule, ya misheni na ya duka. Hakikuwa lugha ya zizini wala ya kisimani, na huko ndiko vijana wangalionana.

Hata majina ya Kiswahili yana upande. Wadatooga huitwa na wengi Wamang'ati, neno lililotokana na Kimasai, na maana yake ni adui. Mtungaji atakayeweka neno hilo kinywani mwa kila mtu, hata mwa binti Mwiraqw ampendaye kijana wa Kidatooga, atakuwa amempa binti huyo macho ya mtu mwingine.

Kisa chenyewe hakihitaji kubuniwa. Kwa desturi ya zamani ya Wairaqw, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alihesabiwa kuwa na unajisi ulioweza kudhuru nyumba na majirani, naye alitengwa na kufukuzwa kwao. Baadhi ya wasichana hao walipokewa na Wadatooga, wakaolewa huko. Kwa hiyo mpaka uliowatenga watu wawili ulikuwa pia mlango wa kuokokea. Hapo pana jambo zito kuliko chuki ya makabila ambayo sinema huipenda kwa wepesi wake: jamii moja yamtupa binti wake kwa hofu, na jirani aitwaye adui ndiye ampaye nyumba.

Lakini nyumba hiyo ina masharti ya ulimi. Mwanamke aliyeolewa kwa Wadatooga hukatazwa kutaja jina la baba wa mumewe na ya wakwe wengine walio wakubwa. Zaidi ya hayo, huepuka na maneno ya kawaida yafananayo na majina hayo kwa sauti, akatumia mengine badala yake. Alice Mitchell ameichunguza desturi hii kwa makini katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2015. Afikiriwe basi binti Mwiraqw aliyefika katika boma la Kidatooga: hana budi kujifunza lugha mpya, na papo hapo kujifunza kile asichoruhusiwa kusema katika lugha hiyo. Kila akiteleza, ugeni wake wasikika. Na siku atakapoepuka neno pasipo kufikiri, mtazamaji atajua ya kuwa amekuwa mke wa nyumba ile. Katika Kiswahili tendo hilo haliwezi kuonekana kabisa, kwa kuwa maneno yanayoepukwa hayamo.

Daraja nayo ipo, ingawa haikuvaa suti wala kupanda gari. Wahunzi wa Kidatooga, ukoo wa Gidang'odiga, huoana wao kwa wao, na koo nyingine hazikubali kuoana nao, ijapokuwa lugha ni moja na mikuki na vikuku vya watu wote hutoka mikononi mwao. Tena kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano, yaliyofikia yapata ekari 100,000, yalichukua malisho ya Wabarabaig katika uwanda wa Basotu kwa msaada wa Kanada, yakaleta wafanyakazi wenye mishahara katikati ya wafugaji walionyimwa nyasi. Binti wa mfugaji na dereva wa trekta: hicho nacho ni kisa cha historia, na hapo Kiswahili kingekuwa na kazi yake ya haki, kuwa lugha ya mshahara na ya amri.

Itasemwa kwamba picha ya Kiiraqw na Kidatooga haitauzika. Neno hilo lina uzito. Tangu Muhogo Mchungu, picha ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambamo Rashidi Kawawa alicheza, Kiswahili ndicho kilichoiwezesha sinema ya nchi kusikilizwa kutoka pwani hadi bara. Lakini Vuta N'kuvute yenyewe ilitazamwa Toronto kwa tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, na hapana aliyeona ajabu. Msaada apewao mtazamaji wa Kanada hauwezi kuwa mzigo kwa mtazamaji wa Dodoma.

Wala haidaiwi kwamba Kiswahili kiondolewe. Kinachodaiwa ni kwamba kiwekwe mahali pake: kisikike bomani, dukani na shambani kwa ngano, na kinyamaze zizini. Wadatooga wengi wa Mbulu hujua Kiiraqw. Ni Wairaqw wachache zaidi wajuao Kidatooga. Nani ajifunze lugha ya nani ni sehemu ya kisa cha mapenzi hayo, kama mahari ilivyo. Wazee wawezao kumsahihisha mtungaji katika maneno ya miaka ile wangali wapo Dongobesh, Haydom na Katesh, lakini hawatakuwapo siku zote. Kazi ya kwanza ya picha kama hiyo, kabla ya mavazi na kabla ya fedha, ni kuketi nao na kuandika.