Tumbo la Ng'ombe katika Tafsiri

Tumeletewa tuutolee maoni mswada wa tafsiri ya kitabu cha fiziolojia ya mifugo, kilichokusudiwa wanafunzi wa utabibu wa mifugo. Mfasiri anastahili pongezi, kwani sura za moyo na upumuaji zasomeka bila kikwazo. Hata hivyo, sura ya mmeng'enyo wa chakula ina kasoro ambayo hatuwezi kuinyamazia.

Neno "tumbo" limetwishwa mizigo mitatu: mara ni fumbatio zima, mara ni kiungo cha kumeng'enyea chakula, mara ni chumba kimoja tu cha kiungo hicho. Ndiyo maana mswada wadai kuwa ng'ombe ana "matumbo manne". La hasha. Tumbo lake ni moja, lenye vyumba vinne. Katika kile kikubwa, kinachojaza upande wa kushoto wa fumbatio, vijidudu huchachua majani. Cha mwisho peke yake ndicho kitoacho asidi na vimeng'enya, mfano wa tumbo la binadamu. Wala kuvitaja kwa namba hakutoshi, maana maziwa anyonyayo ndama hupita katika mfereji maalumu hadi chumba cha nne, bila kukaa katika cha kwanza.

Kosa hili lina gharama. Mswada waagiza kwamba ng'ombe aliyejaa gesi, akikaribia kufa, "atobolewe tumbo". Tumbo lipi? Gesi imo katika chumba kikubwa, nacho hutobolewa ubavuni kushoto. Mwanafunzi akikosea hapo, mfugaji ndiye atakayepoteza mnyama.

Isitoshe, mfasiri ameandika kuwa ng'ombe "hutapika chakula na kukitafuna upya". Kutapika ni dalili ya ugonjwa. Kucheua ni dalili ya afya. Daktari atakayemwuliza mfugaji kama ng'ombe wake anatapika atajibiwa hapana, ilhali alitaka kujua kama bado anacheua.

Twapendekeza "tumbo" libaki kwa kiungo kizima, na "fumbatio" litumike kwa sehemu ya mwili inayokihifadhi. Chumba kikubwa kiitwe "rumeni", kwa kuwa jina lake la kila siku ni hilohilo tumbo linalotutatiza. Cha tatu kiitwe "kitabu", kama wasemavyo wauza nyama kwa sababu ya kuta zake zilizopangana kama kurasa. Kuhusu viwili vilivyosalia, tusikimbilie kukopa. Wasomaji walio karibu na machinjio na malisho watuletee majina wanayoyasikia huko.