Kahawa Haikuwa na Kesi ya Kujibu

Mnaokumbuka ripoti ya MacMahon na wenzake wa Harvard ya mwaka 1981, iliyohusisha kahawa na saratani ya kongosho, mnajua ilipoharibikia: kwa walinganishwa, yaani watu wasio na ugonjwa huo ambao wagonjwa hulinganishwa nao. Wagonjwa 369 wa saratani hiyo, wote waliothibitishwa kwa vipimo vya tishu, walipatikana kwa utaratibu mzuri.

Walinganishwa 644 ndio walioniudhi, na wananiudhi hadi leo. Waliokotwa miongoni mwa wagonjwa wengine wa madaktari walewale waliowalaza wenye saratani. Sasa, daktari anayelaza mgonjwa wa kongosho ni nani? Mara nyingi ni daktari wa tumbo. Wodi yake imejaa watu wa vidonda na kiungulia, ambao kahawa walishaipunguza au kuiacha kabisa, ama kwa kukatazwa ama kwa kuchoka kuungua kifua. Waulize wanakunywa vikombe vingapi, watakutajia vichache. Mgonjwa wa saratani anayekunywa sawa na jirani yake yeyote wa Boston ataonekana mlevi wa kahawa. Ndiko zilikotoka namba zile: hatari mara 1.8 kwa wanaofikia vikombe viwili kwa siku, mara 2.7 kwa vitatu na kuendelea.

Na kanuni ya kuepuka walinganishwa ambao ugonjwa wao unahusiana na kinachochunguzwa waliijua! Walinganishwa wenye magonjwa ya sigara na pombe waliwaondoa. Wa tumbo wakawabakiza. Wapo wanaowatetea kwamba kahawa haikuwa dhana yao ya mwanzo. Basi jambo lililozuka lenyewe lilistahili walinganishwa wapya kabla ya kuchapishwa.

Nimelipigia kelele hili miaka mingi: muundo huu wa utafiti, wa kulinganisha wagonjwa na wasio na ugonjwa, unaokoa fedha na muda kwa sababu walinganishwa wachache wanasimama badala ya jamii nzima walikotoka wagonjwa. Wasipofanana na jamii hiyo, hata ukiwaongeza maradufu utapata kosa lilelile. Bado naletewa mipango ambayo maabara imepewa kurasa kumi na walinganishwa mstari mmoja.

Doll na Hill nao, walipochunguza uvutaji sigara na saratani ya mapafu mwaka 1950, walichukua walinganishwa 709 wodini London. Lakini walijikagua: waliohojiwa kama wagonjwa wa saratani ya mapafu, kisha ikabainika hawana, uvutaji wao ulifanana na wa walinganishwa. Ukaguzi wa namna hiyo Boston sikuuona.

Mwaka 1986 timu ya Harvard ilirudi na takwimu mpya. Uhusiano ule haukujitokeza tena kwa nguvu ya awali.